Fedha ya Umma na Mgonjwa wa Unga

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu, ambaye hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa yake. Sala na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na ahali zake, na masahaba zake, na wote wanaowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni, na kabla yenu naiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, kwani hamchi kikweli mtu anayeiacha haki ya mja Wake ipotee mbele ya macho yake.

Ndugu Waislamu, mlio hapa msikitini na nyinyi mnaotusikiliza majumbani, khutba ya leo ni juu ya ugonjwa ambao sisi wazee hatupendi kuutaja mbele ya watoto, ijapokuwa watoto wanaujua kuliko sisi. Nao ni ugonjwa wa unga, yaani heroini. Sikukusudia leo kueleza uharamu wake. Hilo limesemwa juu ya mimbari hizi kwa miaka mingi, wala sijapata kukutana na mtumiaji wa unga, hata aliyechakaa vipi, asiyejua kuwa anachokifanya ni haramu. Nimekusudia kusema juu ya fedha: fedha inayotolewa na serikali ili mtu huyu atibiwe, inatoka wapi, inaweza nini na haiwezi nini, na ile sehemu isiyoweza iko juu ya shingo ya nani.

Nianze na jambo linalonihusu mwenyewe, wala si la kujivunia. Katika chuo changu alisoma kijana mmoja aliyehifadhi Juzuu Amma kabla hajatimiza miaka tisa. Alikuwa na sauti nzuri, na akipewa adhana ya alasiri watu walikuwa wakisimama barabarani kumsikiliza. Alipokua akawa utingo wa malori ya masafa, na huko ndiko alikouzoea unga, kwanza kwa kuvuta na mwisho kwa sindano. Akarudi mtaani akiwa mtu mwingine. Viatu vikaanza kupotea mlangoni pa msikiti, kisha siku moja mabomba ya kutawadhia yakang'olewa, na vijana wakamkamata nayo akienda kuyauza kwa wanunua vyuma chakavu. Wakampiga. Mimi nikatoka nikawazuia, hilo nashukuru, lakini nikamwambia mbele ya watu wote asikanyage tena pale. Nilidhani nimeulinda msikiti.

Ikapita miaka miwili. Mama yake akanijia baada ya sala ya isha. Akaniambia kuwa mwanawe amepokelewa katika zahanati ya methadoni na ameendelea na dawa kwa miezi minne bila ya kugusa unga, anakula, analala, na ameanza tena kumwitikia anapomwita. Dawa ni bure. Lakini lazima aende mwenyewe kila siku, na zahanati iko mbali, na nauli ilikuwa ikitoka katika vitumbua anavyouza yeye. Sasa miguu imemvimba, hawezi kukaa jikoni. Mwanawe alikwenda kwa miguu siku mbili tatu, kisha akashindwa. Yule mama hakutaka dua wala kisomo. Alitaka nauli.

Nilimjibu, Mwenyezi Mungu anisamehe, kuwa jambo hilo lazima lipite katika kamati. Kamati ilikutana baada ya wiki mbili, na wakati huo tulikwisha kumzika. Alirudi kijiweni, akajidunga kipimo kile kile alichokizoea zamani, na mwili uliokwisha kuuacha unga haukukistahimili. Madaktari wanatwambia kuwa hii ndiyo saa ya hatari kubwa kabisa kwa mgonjwa wa unga, pale anaporudia baada ya kuacha. Iko dawa ya kumzindua mtu aliyezidiwa hivyo, nayo huitwa naloksoni, lakini ni lazima iwe karibu na awepo mtu wa kuitia.

Nimekuhadithieni haya, ndugu zangu, ili ionekane wazi tatizo lilikuwa wapi. Dawa ilikwisha kulipiwa. Muuguzi alikuwapo dirishani. Kilichokosekana ni nauli ya basi.

Yafaa sasa tuifahamu hiyo dawa, kwani wako wanaosema, na nimewasikia hata miongoni mwa masheikh wenzangu, kuwa kumpa mtu methadoni ni kumtoa katika ulevi mmoja na kumtia katika mwingine. Maneno haya yana sura ya ukweli, maana methadoni na heroini ni za jamii moja. Lakini tazameni kazi ya kila moja. Heroini humshika mtu kwa saa chache, kisha humwachia arosto: mifupa inamuuma, tumbo linamsokota, jasho na baridi vinampata kwa pamoja, usingizi haumwii. Basi siku nzima haimbakii ila kutafuta kete nyingine, na katika kutafuta huko ndiko anakoiba, na binti zetu ndiko wanakofanyiwa yasiyosemeka. Methadoni ikinywewa kwa kipimo cha daktari hukaa mwilini kiasi cha siku nzima. Haimpi ile starehe aliyokuwa akiitafuta, bali humwondolea maumivu, akaweza kusimama kazini na kusimama katika safu ya sala. Tena hunywewa kwa kikombe mbele ya muuguzi, na kwa hivyo sindano inayogawanywa na watu watatu wanne, ambayo ndiyo njia ya UKIMWI na ya ugonjwa wa ini, huondoka. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2005. Wanavyuoni wamekubaliana kuwa katika mambo ya tiba husikilizwa kauli ya tabibu mjuzi na mwaminifu, na matabibu wamesema. Nani mimi na wewe tumwambie mgonjwa aitupe dawa yake? Ama suala la Ramadhani, linaloulizwa kila mwaka, mgonjwa ana ruhusa iliyo mashuhuri, na daktari aulizwe kama saa ya kunywa yaweza kusogezwa mpaka usiku. Asikiache kikombe kwa fatwa ya barazani.

Tuje katika fedha. Katika pande zetu za bahari hii, kisiwa cha Mauritius kilitangulia kuanzisha tiba hii mwaka 2006. Tanzania ilianza mwezi wa Februari mwaka 2011 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ikawa ya mwanzo katika bara lenyewe la Afrika kusini ya Sahara kuifanya katika hospitali ya umma. Ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, na baadaye mikoa mingine, Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga. Kenya ilianza mwishoni mwa mwaka 2014 pale Mathari, Nairobi, na mwaka uliofuata ikafika Malindi na Mombasa. Zanzibar ikaanza mwaka 2015 Kidongo Chekundu. Anayeijua Pwani hii, na majahazi yanayopakia mzigo huo katika fukwe za Makran na kuuleta mpaka huku, hatashangaa kuwa miji hii ndiyo iliyohitaji mapema.

Serikali zetu zilitoa majengo, waganga na wauguzi. Lakini sehemu kubwa ya gharama, ndugu zangu, ilitoka nje, kwa mfuko wa Marekani wa UKIMWI ulioanzishwa mwaka 2003, na kwa Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulioanzishwa mwaka 2002. Hatuna haya kusema ahsante kwa wema uliotendwa. Asiyewashukuru watu hajamshukuru Mola wake. Lakini mwezi wa Januari mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri moja, na ilipofika tarehe 1 Julai mwaka ule ule shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Ni mali yao, na wenye mali wameamua. Mimi sina ugomvi nao juu ya hilo. Neno langu ni kwetu. Mgonjwa huyu hanywi dawa kwa wiki moja akapona kama mwenye malaria. Hunywa kwa miezi, na wengine kwa miaka. Je, yafaa kamba ya uhai wa mtoto wetu ifungwe mahali ambapo mkono wa mbali waweza kuifungua asubuhi moja?

Viongozi wa Afrika walikutana Abuja mwezi wa Aprili mwaka 2001 wakaahidi kuwa kila nchi itatenga asilimia 15 ya matumizi yake kwa afya. Nchi zilizoitimiza ahadi hiyo ni chache. Ahadi ni deni, na mwenye deni hukumbushwa kwa adabu. Kumkumbusha diwani wako na mbunge wako au mwakilishi wako kuwa dawa ya wagonjwa hawa iandikwe katika bajeti yetu wenyewe, kwa fedha yetu wenyewe, si fitina wala si siasa ya kuvuruga watu. Ni nasaha, na dini yetu imejengwa juu ya nasaha. Wala wasidanganyike wale wanaosema kwamba fedha ya kodi isipotezwe kwa mateja. Kodi hiyo amelipa na yule mama wa vitumbua, kila aliponunua mafuta na sukari.

Na jambo hili la dola kumlipia mgonjwa halikuja na wageni. Wanahistoria wetu wameandika kuwa Al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala kutoka Damascus baina ya mwaka 705 na 715 wa Miladi, aliwawekea wenye ukoma riziki kutoka hazina ili wasiombe watu, na akampa kila kiwete mtumishi na kila kipofu mtu wa kumshika mkono. Hebu zingatieni hilo la mwisho. Hakutosheka kusema kuwa mlango wa hazina uko wazi na kipofu aje. Alijua kuwa kipofu hauoni mlango. Akalipia mkono wa kumfikisha. Na Sultani Qalawun wa Misri, alipojenga hospitali yake Cairo mwaka 1284, hakuiachia imtegemee yeye na hisani yake, bali aliiwekea wakfu wa mali zenye kuingiza kodi, ili dawa na chakula cha wagonjwa viendelee hata akishakufa. Wakafa masultani, na hospitali ikaendelea kutibu kwa karne nyingi.

Huu ndio upungufu wa fedha ya serikali, hata ikiwa nyingi na hata ikiwa safi isiyoibiwa. Hununua dawa, hulipa mshahara wa muuguzi, hutia rangi jengo. Haiwezi kumwamsha kijana saa kumi na mbili asubuhi, wala kumpandisha basi, wala kumfungulia mlango wa nyumba ya baba yake jioni. Siku 30 za mwezi ni safari 60, kwenda na kurudi. Ni kweli kuwa baada ya muda mgonjwa aliyetulia aweza kuruhusiwa kwenda na dozi nyumbani kwa masharti, lakini miezi ya mwanzo, ambayo ndiyo migumu, haina njia hiyo. Na ni nani aliyemwajiri mtu wa unga, hata awe na nauli ya safari 60?

Hapa sasa fardhi kifaya inatugeukia sisi. Wanafunzi wanajua maana yake: wakiitekeleza baadhi, wengine wamesalimika, na wasipoitekeleza, mtaa mzima una dhambi. Tunaitaja katika kuosha maiti na kumsalia. Kijana yule tulipomwosha tulijaa, hata nafasi ya kusimama ilikuwa haba. Mauti yalipokuwa bado hayajamfika, kumfikisha dirishani hakujitokeza hata mmoja, nami nilikuwa wa kwanza kutojitokeza.

Najua kinachotuzuia. Tunaona kuwa kumsaidia mwovu ni kumtia nguvu. Basi tukumbuke yule sahaba aliyekuwa akiletwa kwa Mtume, sala na amani zimshukie, mara kwa mara kwa ajili ya pombe, na akaadhibiwa kila mara. Mtu mmoja alipomlaani, Mtume akamkataza, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume Wake. Adhabu ilikuwapo, na mlango wa msikiti ulikuwa wazi. Na Sayyidna Umar alipoambiwa kuwa fulani, mtu shujaa wa Sham, amezama katika ulevi, alimwandikia barua ya kumkumbusha rehema ya Mola wake na ukali wa adhabu Yake, akawaomba waliohudhuria wamwombee, na akawausia wasiwe wasaidizi wa shetani juu ya ndugu yao. Mtu yule aliisoma barua akalia, akatubu. Mimi sikumwandikia barua mwanafunzi wangu. Nilimfukuza.

Kule Malaysia serikali ilianza kutoa methadoni mwaka 2005, na mwaka 2010 msikiti wa Ar-Rahman ulioko Kuala Lumpur, jirani na Chuo Kikuu cha Malaya, ukakubali tiba hiyo itolewe ndani ya eneo lake, dawa kutoka kwa madaktari na mawaidha kutoka kwa maimamu. Sisemi kila msikiti wetu ufanye hivyo kesho. Dawa hii ni hatari ikiangukia mikononi mwa mtoto au mtu asiyeizoea, na ina sheria zake. Lakini imam aliyekubali jambo lile alifahamu kitu ambacho mimi nilichelewa kukifahamu.

Kinachowezekana kwa msikiti mdogo kabisa ni mfuko wa nauli. Na hapa yako mambo ya fiqhi. Mgonjwa aliye fukara anastahiki zaka kwa ufukara wake, wala ugonjwa wake haumtoi. Lakini Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa ametuongoza tusiwakabidhi mali wale wasioweza kuisimamia, bali tuwalishe na tuwavishe kutokana nayo, na tuseme nao maneno mema. Kwa hivyo fedha taslimu isitiwe mkononi mwa mtu ambaye arosto bado inamvuta. Huko ni kumtega. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii zaka humilikishwa mwenyewe, na asiyeweza kusimamia mali yake hupokelewa na msimamizi wake. Ama sadaka mambo yake ni mepesi zaidi: yaweza kulipwa moja kwa moja kwa mwenye bodaboda au kwa kondakta wa basi. Wengine watahitaji mtu wa kufuatana naye wiki za mwanzo, na kijana aliyekwisha kupata nafuu ndiye mwandani bora kuliko ustadhi, maana anajua vijiwe vyote vya kuepuka njiani.

Na msisahau wanawake. Mwanamume mgonjwa tunamwona kijiweni. Mwanamke mgonjwa hufichwa nyumbani kwa aibu, au hujificha mwenyewe, na ndiyo maana zahanati hizi huwaona wanaume wengi na wanawake wachache. Waulizwe wake wa maimamu na walimu wa kike wa madrasa. Wao wanajua mlango upi wa kubisha, na sisi hatujui.

Wako pia wanaopelekwa katika zile nyumba zinazoitwa soba. Nyingine zinaendeshwa kwa uaminifu na watu waliopona wenyewe, nyingine hazina zaidi ya kufuli na ada ya kila mwezi. Mzazi akatazame kwanza, aulize kama kuna mganga, ndipo atoe fedha yake.

Jambo la hisabu nalitaja kwa ufupi, kwani kila mtu analijua na wachache wanalifanya. Fedha ya mfuko isomwe hadharani kila mwezi, kilichoingia na kilichotoka, bila ya kutaja majina ya wagonjwa. Tukiitaka serikali itueleze fedha ya umma imekwenda wapi, basi nasi sanduku letu liwe na karatasi.

Kwetu mfuko huu umeanza. Ni mdogo, na hivi sasa unawapeleka wagonjwa watatu na kuwarudisha. Mmoja aliacha, akarudi, akaacha tena, na wiki iliyopita amerudi. Kamati haikutani tena kwa ajili ya nauli. Asubuhi mgonjwa au mtu wake hupita nyumbani kwa mshika fedha, akapewa ya siku ile, na jina likatiwa alama daftarini. Mshika fedha tuliyemchagua ni yule mama. Alikubali baada ya kuombwa mara mbili, na sharti lake lilikuwa moja, kwamba asiambiwe amngoje mtu yeyote.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.